Sakafu Isiyogusa Ukuta

Vijana wangu wa chuo cha ufundi, mwalimu wenu aliponiomba niwaandikie mambo ya kazi alidhani nitaandika juu ya mapaa na milango, kwa kuwa hayo ndiyo yanayosifiwa barabarani. Nitaandika juu ya mwanya. Ni mwanya wa upana wa kidole kimoja, kati ya sakafu na ukuta, ulionisumbua msimu mzima wa mvua hapa Songea. Mpaka leo nikiingia nyumba ya ghorofa nikaukuta umezibwa, hasira hunipanda kabla sijamsalimia mwenye nyumba.

Nyumba yenyewe ipo Lizaboni, kwenye mteremko. Aliijenga marehemu Gaudensi, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Wakati ule saruji ilikuwa ya kibali, na kibali kilikuwa cha wenye kujuana na watu. Gaudensi hakuwajua watu, aliijua mininga. Kwa hiyo chini alijenga kwa matofali ya kuchoma, na ghorofa akaiweka juu ya boriti za mbao, sakafu ya mbao tupu. Mbao hizo nilizipigilia mimi, nikiwa bado najifunza kwa Mzee Haule, seremala aliyepata ufundi wake kwenye karakana ya wamisionari, mtu mfupi mwenye masikio makubwa na maneno ya kuudhi.

Miaka ikapita, ruksa ikaja. Saruji ikauzwa dukani kama sukari, kila mwenye chumba cha mbele akafungua duka, na wauguzi waliostaafu wakaruhusiwa kufungua vituo vyao. Gaudensi alikuwa ameshafariki. Mjane wake, Nesi Apolonia, aliyewazalisha nusu ya akina mama wa mji huu, akafungua kliniki ya wajawazito katika vyumba vya chini. Juu alibaki mama mkwe wake, Bibi Otilia.

Siku Nesi aliponiita nilikuta akina mama sita kwenye benchi. Nikamwamkia, naye badala ya kunieleza akaniambia nisimame tu nisikilize. Nikasimama. Du. Du. Du. Vumbi likadondoka kutoka darini.

"Ni nini?" nikauliza.

"Kisamvu," akasema. "Kisamvu asubuhi, karanga saa nne, mahindi ya kande mchana. Na wajawazito wangu wanatoka vijijini, lazima waje asubuhi wapate kurudi."

Akanionyesha kipembe chake cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Ni kitu cha mbao, kimechongwa kwa mashine, upande mmoja mpana na upande mmoja wa kuwekea sikio. Nilikigeuza mkononi nikakitamani, maana ilikuwa kazi safi ya seremala. Nesi akasema moyo wa mtoto aliyemo tumboni ni mdogo mno, unasikika kwa mbali sana, na lazima auhesabu dakika nzima bila kukosea. Mchi ukianguka juu, hesabu inapotea. Anaanza upya, mchi unaanguka tena.

Kwenye benchi ile alikuwepo Eufrasia, mke wa mkulima, aliyekwishapoteza mimba mbili zilizokuwa zimekua. Hii ilikuwa ya tatu. Kila wiki alitembea kutoka kwao kuja kusikilizwa, na kila mara Nesi alipokunja uso kwa sababu ya mchi, Eufrasia alidhani amekunja uso kwa sababu ya mtoto. Wiki iliyotangulia alikuwa amelia mpaka akashindwa kuvaa viatu.

"Nikishindwa kuhesabu nitafunga kliniki," Nesi akaniambia. "Siwezi kumwambia mama wa watu mtoto mzima wakati sijasikia."

Mtauliza, kwa nini asimwambie bibi akatwangie nje? Nami niliuliza, kwa ujinga wa ujana. Nesi alinitazama kama niliyetukana. Mkwe hamwambii mama mkwe wake mahali pa kuweka kinu. Tena kinu kile Gaudensi mwenyewe alikiweka kwenye kona ile siku ya kuingia nyumba, na tangu afariki mama yake hakukubali kisogezwe hata shubiri. Magoti yake pia yalikuwa mabovu, alishuka ngazi Jumapili tu kwenda misa. Na mtu mwingine kumtwangia? Walijaribu. Alisema wanampa majani yaliyokanyagwa.

Basi kazi ikawa yangu, na kwa kweli nilijiona nina deni, kwa sababu sakafu ile iliyokuwa ikilia niliipigilia mimi.

Kosa la kwanza lilikuwa la kawaida, na ninyi mngelifanya. Nilifikiri sauti ni kama moshi, ukiziba inakwama. Nikafungua dari ya chini, nikajaza magunia ya unga wa mbao katikati ya boriti, nikafunga. Siku nne za kazi. Nikamwomba bibi awashe redio yake, na kweli chini redio ilikuwa imefifia, nikaanza kujisifu. Kisha akachukua mchi. Du. Sauti ileile, labda vumbi ndilo lililopungua.

Nilikwenda kwa Mzee Haule kulalamika. Alikuwa ameshastaafu, anakaa barazani kwake akichonga miiko. Alichukua ubao mrefu wa mninga akaulaza juu ya mawe mawili.

"Weka sikio mwisho ule."

Nikaweka. Yeye akaenda mwisho wa pili, akaukuna ubao kwa ukucha, taratibu tu. Nikasikia mkwaruzo sikioni kana kwamba ananikuna mimi.

"Sasa inua sikio."

Nikainua, akakuna tena. Sikusikia kitu.

"Redio inapita hewani," akasema, "inatafuta tundu. Mchi hautafuti tundu. Mchi ukishagonga ubao, ubao ndiyo barabara yake, boriti ndiyo barabara yake, ukuta ndiyo barabara yake. Wewe umeziba dirisha na mgeni amekuja kwa mlango." Akarudi kwenye mwiko wake. Baadaye akaongeza, "Na huo unga wa mbao utakuletea panya."

Uliniletea kweli, lakini hayo ni mengine.

Nilirudi nyumbani nikigonga kila kitu: meza, mlango, ndoo, mguu wa kitanda, huku sikio limelala upande wa pili. Mke wangu alidhani nina malaria. Nikagundua kwamba mlango uliofungwa vizuri ulipitisha mlio wa nyundo vizuri, na kwamba kipande cha mpira wa ndani wa tairi, tyubu, nikikiweka katikati ya mbao mbili, mlio ule ulifika umechoka. Nikipitisha msumari mmoja tu katikati yake kuziunganisha mbao, ulifika mzima. Msumari mmoja! Nilifanya jaribio hilo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa sababu lilinifurahisha.

Kwanza nikataka njia ya mkato. Nikamkatia bibi kipande cha tairi la lori, nikakiweka chini ya kinu. Alipotwanga mara tatu kinu kikaruka, majani yakamwagika, akakisukuma kile kipande kwa mguu mpaka nje. "Mwanangu, kinu hakikai juu ya ndala," akasema. Alikuwa na haki. Kitu kizito kinachopigwa kinataka kusimama imara. Nikaelewa kwamba si kinu kinachopaswa kulala juu ya mpira, ni chumba kizima.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penye ufundi. Juu ya sakafu ya zamani niliweka vipande vya tyubu iliyokunjwa mara tatu na kuzungushiwa gunia la kahawa, kimoja kila hatua moja. Juu yake nikalaza papi, zile mbao nyembamba, bila kuzipigilia chini. Katikati ya papi nikamwaga mchanga mkavu wa mto, kimo cha vidole viwili tu ili boriti zisichoke, maana sakafu nyepesi inalia kama ngoma na mchanga unaituliza. Juu nikapigilia mbao mpya kwenye papi, misumari mifupi. Nawaambia mifupi. Nikiwa mwanafunzi niliwahi kutumia misumari ya inchi nne kwenye ghorofa ya nyumba nyingine, ikatokea chini darini, na mwalimu aliyepanga chumba kile akanishukuru kwa kumwekea mahali pa kutundika kofia. Hapa kwa Nesi msumari mrefu ungerudisha barabara yote niliyoikata.

Na kuzunguka chumba kizima, sakafu nikaikomesha kidole kimoja kabla ya kufika ukutani. Mkono ulikataa. Tumefundishwa sote kwamba fundi anayeacha mwanya ni fundi mvivu, na nilipoutazama ule mwanya mweusi nikaona aibu kana kwamba nimetoka bila kufunga vifungo. Nikaufunika kwa skatingi, ule ubao wa chini ya ukuta, niliyoipigilia ukutani tu na kuiinua isiguse sakafu.

Siku ya kujaribu, bibi akatwanga. Chini, Nesi akainua kidole kuniambia ninyamaze, ingawa sikuwa nasema. Mchi ulisikika, siwezi kuwadanganya, lakini ulikuwa mbali, kama wa jirani wa nyumba ya tatu. Eufrasia alikuwa kitandani. Nesi akahesabu dakika nzima, akatoka nje ya pazia macho yamelowa. Bibi akanipa ugali na kisamvu kilekile na dagaa wa Nyasa. Nikaenda nyumbani nikijiona mhandisi.

Wiki mbili baadaye Nesi akaja mwenyewe kwangu. Hakukaa.

"Imerudi," akasema. "Eufrasia ameniuliza leo kama mtoto anakufa taratibu. Fundi, sina jibu."

Nilijua moja kwa moja kosa ni langu: tyubu zimelala, mchanga umeshuka. Nikaenda na nyundo na patasi tayari kubomoa. Lakini kabla ya kubomoa nikashikwa na hamu ya kujua ni wapi hasa. Nikamwomba Nesi kile kipembe chake.

"Usikiangushe," akasema. "Sina sikio jingine."

Bibi akiwa anatwanga juu, mimi chini nilipanda kwenye kiti nikaweka kipembe darini. Mlio mdogo, uliochoka. Nikaweka kwenye boriti. Mdogo vilevile. Mpira ulikuwa unafanya kazi yake. Nikashuka nikaweka kwenye ukuta wa upande wa jikoni, na mchi ukanipiga sikioni nikaruka. Nikahamia ukuta wa pili, nao vilevile. Sauti haikushuka kupitia sakafu tena, ilizunguka kwa kuta. Akina mama kwenye benchi walinitazama nikisikiliza ukuta kwa kipembe cha uzazi, mmoja akauliza ukuta una miezi mingapi.

Nikapanda juu. Bibi Otilia alinikaribisha kwa furaha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeona nilivyokumalizia kazi?"

Nikaona. Skatingi ilikuwa imeng'olewa na kupangwa vizuri pembeni. Mwanya wote, kuzunguka chumba kizima, ulikuwa umesiribwa, laini kabisa, na alama za vidole vyake zimepangwa kama alivyosiriba maisha yake yote kingo za nyumba ya udongo kule kijijini. Hakutumia udongo peke yake. Nilikuwa nimekarabati ngazi ya mwisho nikaacha nusu mfuko wa saruji kwenye kona. Alichanganya na udongo, na ilikuwa imeshika kama jiwe.

"Karanga zilikuwa zinaingia," akasema. "Na siafu watakuja. Wewe ni kijana mzuri lakini uliacha nyufa."

Vijana, nilisimama pale na patasi mkononi. Nilitakiwa kumwambia mama wa umri ule, aliyepiga magoti yake mabovu kunisaidia, kwamba ameharibu. Nikafungua mdomo.

"Ahsante sana, bibi," nikasema.

Nikashuka. Nesi akauliza, "Umemwambia?"

"Nimemshukuru."

"Umemshukuru?"

"Wewe ungemwambia?"

Na yeye asingeweza. Tukakaa pale wawili, watu wazima, tumeshindwa na kisamvu.

Mzee Haule ndiye niliyemweleza jioni hiyo. Nilidhani atanicheka, na alinicheka, kisha akauliza, "Huyo bibi amewahi kukiweka sikioni hicho kipembe chenu?" Nikasema hapana. "Basi mnataka aache kitu ambacho hajawahi kukisikia." Kesho yake akavaa koti lake la misa akafuatana nami.

Nesi alipanda akamwomba mama mkwe wake, kwa heshima zote, ashuke amtazamie mjamzito mmoja mwenye hofu, kwa kuwa yeye ni mzazi wa siku nyingi. Hilo mkwe anaweza kuomba. Bibi akashuka ngazi moja moja, akiguna, na siku hiyo haikuwa Jumapili. Eufrasia alikuwa amelala kitandani. Mimi nilisimama nje ya pazia, ambapo mwanaume anaweza kusimama, lakini nilisikia kila neno.

"Weka hapa, mama. Inama. Usishike kwa mkono, sikio litashika lenyewe."

Nilisikia benchi likilia nje.

"Kuna kitu kinakimbia," Bibi Otilia akasema.

"Ndiye huyo."

"Mbona anakimbia hivi?"

"Ndivyo wanavyokimbia, mama. Hesabu na mimi." Wakahesabu, bibi kwa sauti, na sauti yake ikabadilika alipofika kumi na tano.

Juu, Mzee Haule, tuliyemwacha kwenye kinu, akaanza. Du. Du.

"Amekwenda wapi?" Bibi akauliza. "Apolonia, amekwenda wapi huyu?"

"Yupo, mama. Ni mchi."

Akarudisha sikio. Du. Akarudisha tena. Nilimsikia akivuta pumzi. "Mwambieni huyo mzee aache," akasema, "kwanza hata kutwanga hajui." Nikatoka kumpungia mkono Mzee Haule, aliyekuwa dirishani amekunja mikono ya koti, majani ya muhogo yamemjaa kifuani.

Nilipokaribia tena pazia bibi alikuwa akimuuliza Eufrasia, "Na wewe kila ukija unakuta hivi?"

"Ndiyo, bibi."

"Na unarudi nyumbani hujui?"

Sijui kama Eufrasia alitikisa kichwa au alilia, lakini Bibi Otilia alitoka pale akanipita bila kunitazama. Alipanda ngazi zote bila kukubali mkono wa mtu. Nikamfuata. Alisimama katikati ya chumba akiangalia kazi yake ile nzuri.

"Ndiyo hii?" akauliza.

"Ndiyo hii, bibi. Sakafu ikigusa ukuta, inamfikia."

"Na ulinishukuru."

"Nilishindwa, bibi."

Akanyoosha mkono. "Lete hiyo patasi." Nikasema nitabandua mimi, ndiyo kazi yangu. "Nilisiriba mwenyewe," akasema, akapiga magoti, na nilisikia magoti yale yakilia. Alianzia kwenye kona ya kinu. Ilipofika adhuhuri alikubali nimsaidie ukuta mmoja tu, ule mrefu. Mzee Haule alifagia vipande bila kusema neno la kuudhi, nami sijawahi kumwona tena akinyamaza muda mrefu hivyo. Ili karanga zisiingie, nilikata ukanda wa gunia nikauweka chini ya skatingi, laini, usiobeba sauti. Bibi aliukagua wote kwa kidole.

Siku hizi mna masponji ya kila rangi, mna mbao za kuunganisha bila msumari, na mna ile gundi ya kwenye bomba mnayoikamua pembeni ikikauka inang'aa. Nimewaona wengine mkitumia hata saruji ya vigae. Mnafanya alichofanya Bibi Otilia, na ninyi hamna udhuru wake, kwa sababu yeye hakuambiwa. Mimi sikumwambia. Nilijificha nyuma ya skatingi kwa aibu ya mwanya wangu, badala ya kumwita siku ile ya kwanza na kumwonyesha ni wa nini. Kosa la nyumba ile halikuwa saruji. Mwenye kuishi na kazi yako mweleze kazi yako, hasa ile sehemu inayoonekana kama uvivu.

Eufrasia alijifungua mtoto wa kike kabla ya mahindi kuvunwa, na uji wake wa kwanza wa uzazi alipikiwa juu, kwa karanga zilizotwangwa kwenye kinu kilekile. Mimi nilipita tena wiki chache baadaye kuangalia kama papi zimetulia. Nilikuwa bado kwenye ngazi ya nje, kiboksi cha vifaa begani. Mchi ulikuwa ukienda, kisha ukasimama. Bibi Otilia akachungulia dirishani, akainamia chini.

"Apolonia," akaita, "anasikika?"

Kukawa kimya kidogo huko chini, kimya cha mtu anayehesabu.

"Anasikika, mama. Twanga tu."